Nyasi Safi za Mkwajuni

Wapo watu duniani wanaorusha ndege wakiwa wamevaa vikoi na malapa. Usicheke. Wanakaa nyumbani mbele ya kompyuta, usukani uko mezani, kanyagio ziko chini ya meza, na wake zao wakiwaita kwamba chakula kimeiva wanajibu wapo juu, futi elfu nane, wasubiriwe watue kwanza. Mchezo wenyewe huja na viwanja vikubwa vya ndege vilivyochorwa vikachoreka. Viwanja vidogo, vile vya kifusi na nyasi vya huku kwetu, huja kama mkeka mtupu uliotupwa porini. Hapo ndipo wanapotakiwa mafundi.

Rizuane wa Palma alikuwa fundi wa viwanja hivyo. Alichukua picha zilizopigwa kutoka angani, akazitandika kwenye ardhi ya mchezo, akasimamisha juu yake vibanda, uzio, mikanju na nguzo, kisha akauweka uwanja mtandaoni ili mtu wa mbali aupakue na kutua juu yake. Kazi hiyo alijifundisha mwenyewe ukimbizini Pemba ya Msumbiji, kwenye baraza ya watu, mwaka uliofuata vita vya Palma. Uwanja wake wa kwanza ulikuwa Mkwajuni, pista ndogo ya kurukia ndege, kando ya barabara iendayo Mute. Hakuuchagua kwa uzuri wake, maana hauna. Aliuchagua kwa sababu kaka yake Ussi ndiye aliyekuwa akikata nyasi zake na kuutunza ule mfuko wa rangi ya chungwa unaowaonyesha marubani upepo unakotoka. Na Ussi hakuonekana tena tangu siku watu walipokimbia.

Uwanja ukapendwa. Mstaafu mmoja wa Ureno, jina lake Henrique, ambaye ametua mabara yote bila kunyanyuka kitini, alimwandikia: "Sijawahi kuona ardhi safi kama yako." Rizuane alivimba kichwa wiki nzima, na hakuwa na kosa, maana usafi ule aliutolea jasho. Picha za angani huja na uchafu wake: kivuli cha wingu, gari lililoegeshwa, turubai, nguo zilizoanikwa, mbuzi. Fundi mvivu huviacha, na mchezaji akishuka chini anakuta gari limelala bapa ardhini kama chapati. Rizuane alichukua kipande cha nyasi nzuri kutoka upande huu, akakibandika juu ya uchafu upande ule, kiraka baada ya kiraka, mpaka pakawa hapana kitu ila nyasi. Na kwa kuwa kompyuta yake ilikuwa na nafasi ndogo, kila jioni aliihifadhi picha safi juu ya ile ya zamani, na ya zamani ikafutika. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akanilaumu kwamba nilimficha.

Sasa tuje kwa mama yao. Bi Mwanahamisi alikuwa na karatasi moja iliyomsumbua kila mwaka. Mwezi wa Shaaban, kabla ya mfungo, Mwalimu Abdulswamad hupita nyumba kwa nyumba akikusanya majina ya kuombewa msikitini. Upande wa kulia wa karatasi huandikwa marehemu, wasomewe wasamehewe. Upande wa kushoto huandikwa wagonjwa na wasafiri, waombewe wapone na warudi salama. Macho ya Bi Mwanahamisi yalikuwa hayashiki tena mstari, kwa hiyo mwandishi wake alikuwa Rizuane. Kulia aliandika Assane, baba yao; Haula, bibi yao; Nurdine, mjomba wao. Kisha kalamu husimama.

"Na Ussi, mama?"

"Muache. Mungu anajua alipo."

Hivyo Ussi hakuwa kulia wala kushoto. Kumwombea maghufira mtu aliye hai ni kumtakia mabaya, na kumwombea safari njema aliyekwisha kuzikwa ni kumnyima haki yake. Mama hakukaa matanga, hakusoma hitima, hakulia kilio cha kumaliza. Shaaban nne zilipita hivyo, mbili ukimbizini na mbili baada ya kurudi Palma, na kila mwaka alikuwa amepungua kidogo, ngozi imemkaa kama nguo ya kuazima.

Alichokitaka Bi Mwanahamisi ni kaburi. Naam, kaburi, si kingine. Mtu ana shida gani mpaka aombe kaburi la mwanawe? Ana hiyo shida.

Mwaka huu, mwishoni mwa Rajab, mtu akabisha hodi. Alikuwa Mshamu, mpakaji chokaa, aliyekuwa akifanya kazi pamoja na Ussi Mkwajuni, akiyapaka mawe ya kando ya pista yawe meupe marubani wayaone. Miaka yote hii alikuwa kwa ndugu zake Mtwara. Vidole vyake vilikuwa vimepasukapasuka kwa chokaa, na alipokaribishwa kiti alikaa ukingoni, kama mtu aliyebeba kitu kizito na hajui pa kukitua.

"Mama," alisema, "nimekuja kukupa amana yako. Ussi nilimzika mimi."

Bi Mwanahamisi alishika mwimo wa mlango. "Innalillahi. Ulimwosha?"

"Maji yangetoka wapi, mama? Nilimtayamamisha kwa mchanga. Sanda yake shuka langu. Nikachimba kwa jembe lake mwenyewe, nikamswalia peke yangu."

"Wapi?"

"Palepale Mkwajuni, mwisho wa pista, upande wa kaskazini, ndani ya vichaka. Hatua sikuhesabu, mama, risasi zilikuwa zinalia. Ila nilikuwa na mfuko wa chokaa, ule wa kupakia mawe. Nikaumimina wote juu ya kaburi, nikautandaza urefu wa mtu. Nikasema, siku ndege zikirudi, wa juu ataona. Atauliza, ile nyeupe ni nini?"

Rizuane alikuwa amekaa pembeni na kompyuta yake mapajani. Aliikumbuka ile nyeupe. Ilikuwa mwisho wa pista upande wa kaskazini, ndefu, nyembamba kidogo kuliko mlango, na yeye wa juu aliiona kweli, ila hakuuliza. Alidhani ni turubai, au mfuko wa saruji uliopasuka, akachukua nyasi za jirani akaibandika. Kiraka mara tatu, kazi ya kupepesa macho, akaendelea na kivuli cha wingu.

Mambo yalikuwa na haraka yake pia. Mkwajuni ilikuwa inapanuliwa, vichaka vyote vimeshasukumwa na katapila, ardhi imekuwa nyekundu tupu na haina alama hata moja. Mkandarasi alibandika tangazo: mwenye kaburi ndani ya uzio aje aonyeshe lilipo, lihamishwe kwa heshima mpaka makaburi ya mjini. Wengi walikwenda wakaonyesha, wakahamishiwa wapendwa wao. Zilibaki siku nane kabla ya kifusi kumwagwa na kushindiliwa.

Bi Mwanahamisi akamgeukia mwanawe, na uso wake, jamani, uliwaka. Miaka mitano Rizuane hakuuona uso ule.

"Si wewe una fotu za juu? Za mwaka uleule? Mungu mkubwa! Fungua, baba, fungua tuone."

Akafungua. Angefanyaje? Wote watatu wakainamia kioo. Pista ilinyooka, mawe meupe ya Mshamu yamepangika pande zote mbili, na kule mwisho, kaskazini, katikati ya vichaka, palikuwa na nyasi. Nyasi za kijani, sawasawa, hazina doa.

Mshamu akaweka kidole chake kilichopasuka juu ya kioo. "Ilikuwa hapa. Au hapa. Mbona siioni?"

"Labda mvua," alisema Rizuane, na sauti yake mwenyewe ilimchukiza.

"Chokaa ikinyeshewa inaganda, haiondoki kwa masika moja. Fotu hizi za lini?"

Aliyejibu ni mama. "Za Ramadhani ileile. Gildo, rafiki wa Rizuane, alikuwa kwenye ndege ya chakula cha msaada, akazipiga akipita juu. Nakumbuka alituletea pamoja na tende. Wiki mbili tatu baada ya vita." Akapiga hesabu zake, na ule mwanga ukaanza kumtoka usoni, akamgeukia Mshamu. "Sasa, baba, kama ulimzika siku ile, chokaa ingekuwapo."

"Ilikuwapo, mama. Wallahi nilimwaga mfuko mzima."

"Fotu haina ugomvi na mtu."

"Mama, mimi—" Mshamu alianza.

"Tangu turudi wameshapita watatu kwenye mlango huu. Mmoja alimwona Ussi Nampula, mmoja alimwona gerezani, mmoja alimwota. Wote nikawapikia, wote nikawapa kanga za wake zao. Wewe umekuja na kaburi. Unataka nini kwangu?"

Mshamu alimtazama Rizuane. Hakumshuku, alimtazama tu kama mtu anayeomba shahidi. Neno moja lingetosha. Rizuane akainamisha macho kwenye vibonye vya kompyuta. Alijiambia, kwanza niipate picha ya zamani, niipate na ushahidi, halafu nitasema yote kwa pamoja. Waoga wote hujiambia hivyo. Mshamu akasimama, akavaa kofia yake, akasema "Haya, mama, kwaheri," akatoka huku machozi yanamshuka hadharani, mtu mzima, kwenye jua la saa nne.

Rizuane akampigia simu Gildo, aliyekuwa sasa Nampula anapiga picha za sherehe.

"Kadi ile ya kamera? Ndugu yangu, nimeshaipigia harusi arobaini. Imejaa keki."

"Na kompyuta yako ya wakati ule?"

"Iliibiwa Pemba. Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu," alisema Rizuane, na kwa mara ya kwanza wiki ile alikuwa amesema kweli.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini fundi haachi kujaribu kuyazoa. Rizuane alijua kiraka kina siri yake: ukibandika nyasi za pale juu ya hapa, kichaka kilichokuwa kimoja kinakuwa viwili, pacha, jani kwa jani. Ukiona pacha, umepaona palipofunikwa. Basi siku mbili nzima hakula vizuri, akawa anapekua picha yake mwenyewe kama mtu anayetafuta chawa kwenye kichwa cha mtoto, akitafuta vichaka pacha. Akavipata, vingi. Kiwanja kizima alikisafisha mahali thelathini na saba, na kule mwisho wa kaskazini peke yake mahali sita. Chini ya kimoja katika viraka sita alikuwapo kaka yake. Vingine vitano vilikuwa turubai, kivuli, mbuzi, Mungu ndiye ajuaye. Alivikodolea macho mpaka yakauma. Kazi yake ilikuwa nzuri mno. Hapakuwa na ufa hata mmoja ambao nyeupe ile ingeweza kuchungulia.

Mtu wa kumsaidia kuchagua alikuwa mmoja tu. Rizuane akapanda bodaboda mpaka kwa Tatu, dada yake Mshamu, mtaani bairo ya pili. Tatu alisimama mlangoni, nusu ya mlango mkononi.

"Ameondoka tangu juzi. Ameshavuka Rovuma."

"Nipe namba yake, dada."

"Simu yake aliiuza apate nauli ya kuja huku kumwambia mama yako." Akamtazama juu mpaka chini. "Alisema hawezi kulala kwenye mji alioitwa mzushi wa maiti. Kaka yangu alimzika mwenzake kwa mikono yake, nyie mkamfukuza kama mwizi wa kuku. Nenda, Rizuane."

Akaenda.

Siku ya mwisho alimsihi mama yake wafike Mkwajuni. Mama hakutaka. Alishasema Mshamu ni mwongo na mambo yameisha. "Twende tu, mama, tusije tukajuta," alimwambia, na hilo likamwingia. Alifunga ndani ya kanga sanda nyeupe aliyoinunua Shaaban ya kwanza, pamoja na ubani na chetezo kidogo, na Rizuane alipouona mzigo ule akaelewa kwamba mdomo wa mama ulikuwa umekataa lakini moyo wake haukukataa.

Aliyewapokea langoni ni Dona Belmira, mama wa Kimakonde aliyesimamia kazi ya makaburi, kofia ngumu kichwani, daftari kwapani, mpole kwa wafiwa.

"Senhor Rizuane, kesho asubuhi kifusi kinaingia. Nina kijiko kimoja cha kuchimbia na saa mbili tu. Nionyeshe sehemu."

"Ni sita, Dona."

"Sita? Kaburi moja sehemu sita?" Alimvuta pembeni. "Sita siwezi. Mbili naweza. Chagua."

Chagua! Kwani ni mkungu wa ndizi? Ardhi nyekundu imetandazwa toka uzio huu mpaka ule, hakuna kichaka, hakuna jiwe jeupe, hata nguzo ya mfuko wa upepo imeng'olewa, na yeye ameshika simu yenye picha ya nyasi anaigeuza huku na huku. Alichagua kiraka kilichokaribia zaidi kidole cha kwanza cha Mshamu. Kijiko kikaingia taratibu, Dona Belmira akiinua mkono kila mara kisimame watazame. Udongo, mizizi ya mkanju, udongo. Akachagua cha pili. Safari hii alimwomba Mungu kwa sauti, hakujali nani anamsikia. Mizizi, chupa ya plastiki, udongo mgumu ambao haujawahi kuchimbwa na mtu. Mtu wa kijiko akazima mashine. Dona Belmira akavua kofia.

"Sinto muito, pole sana, mamã. Nimeshindwa."

Bi Mwanahamisi akasogea mpaka ukingoni, akachungulia shimo la kwanza, akachungulia la pili. Rizuane akamwendea amshike asianguke, na mama akageuka, na uso wake ulikuwa umewaka kuliko siku ile ya Mshamu.

"Alhamdulillahi," alisema. "Hayupo. Umeona, Rizuane? Mwanangu hayumo chini. Yule mtu aliongopa!" Akacheka, akalia, akamkumbatia Dona Belmira, akamwachia sanda ile ampe mwenye maiti asiye na uwezo.

Njia nzima ya kurudi alisema maneno mengi kuliko mwaka mzima. Pengine Ussi alichukuliwa na chombo mpaka ng'ambo. Pengine alipigwa kichwani akasahau kwao. Watu hupatikana baada ya miaka kumi, si wanasemaga? Nyumbani alipika samaki kwa nazi, akala, akaitoa ile karatasi ya Shaaban chini ya mto na kuiweka mezani pamoja na kalamu.

"Mwaka huu najua upande wa kumwandika. Shika."

Rizuane hakuishika. Alipiga magoti mbele ya mama yake.

"Mama, Mshamu hakuongopa. Chokaa ilikuwapo. Niliiona kwa macho yangu kwenye fotu, nikaifuta mimi."

"Umefuta nini?"

"Kaburi. Sikujua ni kaburi, mama. Niliona uchafu, nikabandika nyasi juu yake, fotu ipendeze. Ussi yupo pale. Tulichimba siko, basi. Kesho wanamwaga kifusi na yupo pale!"

Mama akamwekea kiganja kichwani, kama alivyokuwa akimfanyia alipokuwa na homa utotoni, na hakukuwa na hasira hata chembe kwenye kiganja kile. Afadhali angempiga.

"Umechoka, mwanangu. Miaka mitano umekaa na mimi unaniangalia ninavyokonda, sasa unataka kaka yako azikwe ili na mimi nipumzike. Naelewa. Lakini usiseme uongo juu ya maiti."

"Si uongo, mama!"

"Basi nionyeshe hiyo chokaa."

Akawasha kompyuta. Akaenda mwisho wa pista, upande wa kaskazini, akakuza picha mpaka majani yakawa makubwa.

"Ilikuwa hapa," alisema. "Au hapa. Au hapa, ona, mama, kichaka hiki na kile ni pacha—" Akaona kidole chake juu ya kioo, kikihama kama kilivyohama kidole cha Mshamu, akakiondoa.

Bi Mwanahamisi alisogeza uso karibu, akakaza macho yake yaliyochoka, akatazama kwa haki kabisa, bila haraka.

"Nyasi," alisema. "Nyasi nzuri. Umezifanya vizuri." Akamfungia kompyuta taratibu, akamtia kalamu mkononi. "Andika, baba. Kushoto. Na uandike kwa herufi kubwa, mwalimu asije akamruka."

Rizuane akaandika.

Asubuhi malori ya kifusi yalianza kupita kuelekea Mkwajuni, moja baada ya jingine, mpaka adhuhuri. Ijumaa iliyofuata, Mwalimu Abdulswamad alisoma majina ya marehemu wa mji, akahamia upande wa kushoto, akasoma ya wasafiri. Alipofika kwa Ussi bin Assane alipaza sauti kidogo, maana alisoma naye chuoni, akamwomba Mola amlinde alipo na amrejeshe kwa mama yake salama. Msikiti mzima ukaitikia amina, na Rizuane naye akaitikia.